Makala nyingine zinagoma kuchapishwa, nyingine zinapita. Tovuti ya jamii, WordPress. Msaada tafadhali

mhariri_pangani

Wakuu, habari za muda huu.

Nina tovuti ya jamii yetu huku Pangani ambayo naisimamia kama mhariri. Tunatumia WordPress, toleo la karibuni, kwenye hosti ya kulipia (kampuni inayotuwekea tovuti kwenye seva yake) yenye cPanel, yaani paneli ya kuisimamia. Waandishi wote ni wa kujitolea: walimu, kijana anayefanya kazi karibu na pantoni, na mama mmoja anayetuletea habari za Mkwaja. Tunaweka ratiba ya pantoni ya kwenda Bweni, maji kujaa na kupwa, bei ya dagaa Kipumbwi, matangazo ya shule na mikutano, na zaidi ya yote matangazo ya misiba.

Tatizo: makala nyingine zinagoma kabisa. Nabonyeza Chapisha, inafikiri kidogo, kisha juu unatokea mstari mwekundu kwamba uchapishaji umeshindikana, jibu si JSON halali. Nikibonyeza tena, yale yale. Halafu nafungua makala nyingine, naandika maneno mawili matatu, inapita bila shida.

Juzi alifariki mzee wetu mmoja usiku, mazishi yakapangwa baada ya sala ya adhuhuri. Niliandika tangazo alfajiri, likagoma. Nililituma kwenye magrupu ya WhatsApp, na walioko Tanga na Dar wakalipata. Lakini kuna ndugu walioko Maskati ambao hawamo kwenye magrupu hayo, wao wamezoea kufungua tovuti. Kwetu msiba hausubiri, na tangazo likichelewa nusu siku ni sawa na halikutoka. Mtoto wa marehemu alinipigia baada ya maziko kuuliza kwa nini hakuona kitu. Tovuti hii tuliianzisha hasa kwa ajili ya watu kama yeye, ndiyo maana sitaki tena majibu ya "jaribu baadaye".

Nilichokwisha kufanya: nimefuta kache, nimetumia Firefox badala ya Chrome, nimeacha wifi nikatumia bando la simu, nimezima programu-jalizi zote na kurudisha mandhari ya kawaida ya WordPress. Nimeweka pia kile kihariri cha zamani kama wanavyoshauri wengi. Hicho nacho kikanipeleka kwenye ukurasa mweupe unaosema nimekatazwa kuingia.

Hali hii ilianza baada ya watu wa hosti kutuhamishia kwenye seva mpya, muda mfupi baada ya Ramadhani. Nimewauliza, wanasema upande wao kila kitu kiko sawa.

Mwalimu wetu mmoja anahisi ni ile alama ya ng', maana amesoma kwamba alama hiyo huvuruga hifadhidata, na sisi hatuwezi kuandika habari za pantoni bila kuandika "ng'ambo". Mimi naona zinazogoma ni ndefu. Sina hakika.

Kuna mengine mawili madogo. Makala ninazozipangia muda zitoke saa 12 asubuhi zinatoka saa 3, na siku nyingine hata baadaye. Na yule mama wa Mkwaja haoni kabisa kitufe cha Chapisha, wala hawezi kuweka picha.

Natanguliza shukrani.

---

kijana_likoni

Dada, salamu kutoka Mombasa. Kosa hilo lilitupata kwenye tovuti ya shule. Kwetu dawa ilikuwa kuingia kwenye Mipangilio, upande wa viungo vya kudumu (pale penye /%postname%/), usibadilishe chochote, bonyeza tu Hifadhi. WordPress inaandika upya faili la .htaccess. Tovuti ikihamishwa seva faili hilo hupotea au huharibika mara nyingi. Jaribu hiyo kwanza, haina hatari.

---

fundi_seva

Dada mhariri, poleni kwa msiba.

Kabla ya lolote: makala yoyote inayogoma, nakili maandishi yake yote uyaweke kwenye Notepad au ujitumie WhatsApp. Watu wengi hudhani kuchapisha kukigoma rasimu bado ipo salama. Hapana. Kihariri cha sasa hutumia njia ile ile kuchapisha na kuhifadhi rasimu, kwa hiyo mlango uliofungwa kwa kimoja huenda umefungwa kwa kingine. Ukifunga kivinjari unaweza kukuta imebaki aya ya kwanza tu.

Sasa kuhusu lile kosa. Tangu WordPress 5.0, iliyotoka Desemba 2018, kihariri hakitumi tena fomu ya kawaida. Kinatuma makala kwa njia ya REST (njia ya programu kuzungumza na seva), kwenye anwani yenye /wp-json/, kisha kinasubiri jibu la JSON, yaani maandishi yenye mpangilio maalumu ambao programu inaweza kuusoma. Kikijibiwa kitu kingine chochote, kinakuonyesha mstari huo mwekundu. Maana yake mstari huo haukuambii ugonjwa ni upi. Kinachosema ugonjwa ni namba ambayo seva ilirudisha, na wewe hujaiona bado. Ndiyo maana umezima programu-jalizi zote bila kupata nafuu: umetibu kabla ya kupima.

Alichosema ndugu wa Likoni ni kweli, lakini ni dawa ya namba 404 (anwani haipatikani). Kwako sidhani, kwa sababu ratiba ya pantoni inapita. Njia ingekuwa imepotea, isingepita hata moja.

Fanya hivi kwenye kompyuta. Fungua makala inayogoma, bonyeza F12, nenda kwenye kichupo cha Network, kisha ubonyeze Chapisha. Itatokea orodha ya mistari. Tafuta wenye wp-json/wp/v2/posts na namba ya makala yako mwishoni, mara nyingi utakuwa mwekundu. Ubonyeze, uniletee mambo mawili: namba ya hali, na maandishi yaliyomo kwenye jibu.

Kwa faida ya wengine watakaosoma hapa. Ikiwa 500, kuna msimbo wa PHP (lugha iliyoandikiwa WordPress) umeanguka, na jibu utalipata kwenye faili la debug.log ukiwasha WP_DEBUG pamoja na WP_DEBUG_LOG. Ikiwa 413, mzigo umezidi kipimo cha seva. Ikiwa 200 (seva imekubali) na bado inagoma, angalia mwanzo wa jibu: mara nyingi kuna onyo la PHP limejipachika mbele ya JSON, na kihariri kinashindwa kulisoma. Ikiwa namba haipo kabisa, kagua kama anwani ya tovuti kwenye Mipangilio bado ni http wakati nyinyi mnaingia kwa https. Kivinjari hukata mawasiliano ya namna hiyo chenyewe.

Ila 403 (umekatazwa) ndiyo yenye mtego, kwa sababu hutoka kwa watu wawili tofauti. Ikija na maandishi yanayoanza kwa mabano ya { na ndani kuna neno kama rest_cookie_invalid_nonce au rest_cannot_publish, aliyekukatalia ni WordPress yenyewe: la kwanza maana yake muda wako wa kuingia umekwisha, la pili maana yake huna ruhusa. Ikija na ukurasa wa HTML (msimbo wa kurasa za kawaida za wavuti), aliyekukatalia ni mlinzi wa seva, na makala haikufika hata kwa WordPress. Ule ukurasa mweupe uliouona kwenye kihariri cha zamani unanifanya nishuku hili la mwisho. Lakini tusikisie, leta namba.

---

mhariri_pangani

Asante sana, kaka. Nimehifadhi viungo vya kudumu kama alivyosema ndugu wa Likoni, hali haikubadilika.

Namba ni 403. Jibu ni HTML, kichwa chake kinasema nimekatazwa, chini yake sentensi moja kwamba sina ruhusa kwenye seva hii. Hakuna mabano ya { popote. Kwa makala inayopita namba ni 200.

---

fundi_seva

Basi ni mlinzi wa seva. Kwenye hosti nyingi za cPanel ni ModSecurity. Kazi yake ni kusoma kila kinachotumwa kwenye tovuti na kukilinganisha na kanuni za mashambulizi. Kikifanana na shambulizi, kinarudishwa mlangoni, hata kama mtumaji ni mhariri aliyeingia kwa nenosiri sahihi. Hamjui mtu, anasoma maandishi tu. Seva nyingine hurudisha 406 badala ya 403, ni mambo yale yale. Na mtu mwenye tovuti inayopita Cloudflare (huduma inayokaa kati ya wasomaji na seva) akumbuke kwamba nako kuna mlinzi wa aina hiyo hiyo.

Mlipohamishwa seva bila shaka mlikutana na kanuni mpya. Wenzako wa hosti wakisema kwao kila kitu kiko sawa, wanamaanisha seva inafanya kazi. Ni kweli inafanya kazi, imezuia kama ilivyoagizwa.

Kilichobaki ni kujua ni maneno gani yanayomshtua. Chukua makala inayogoma, fungua makala mpya ya majaribio, bandika nusu ya juu peke yake, ubonyeze kuhifadhi rasimu, usichapishe. Ikipita, jaribu nusu ya chini. Nusu inayogoma igawe tena. Hutachukua muda, utafika kwenye mstari wenyewe.

Kuhusu ng': ijaribu hoja ya mwalimu kwa heshima yake. Andika makala yenye "ng'ambo", "ng'ombe", "kung'oa nanga" na nyingine kama hizo tupu. Walinzi hawa huangalia alama hiyo, kwa sababu ni sehemu ya mashambulizi ya hifadhidata, lakini kwa kawaida huhitaji ikae pamoja na maneno mengine ya hifadhidata ndipo washtuke.

---

mhariri_pangani

Nimerudi na jibu kamili.

Nilianza na la mwalimu. Niliandika aya nzima ya ng'ambo na ng'ombe, ikapita bila neno. Nimemwonyesha, ameridhika, na mimi nimefurahi kwa sababu nilikuwa naogopa tutaambiwa tubadilishe tahajia yetu.

Kisha nikachukua tangazo la mzee. Nusu ya juu, yenye jina, ukoo, watoto na saa ya mazishi, ikapita. Nusu ya chini ikagoma. Nikaigawa: sehemu ya namba za simu za wahusika ikapita, sehemu ya mahali pa mazishi ikagoma. Pale palikuwa na sentensi mbili za maelekezo na ramani. Nikaondoa sentensi, nikaacha ramani, ikagoma. Nikaondoa ramani, nikarudisha sentensi, ikapita.

Ramani tunaiweka kwa kunakili ule msimbo wa kupachika unaoanza na <iframe, tunaubandika kwenye kisanduku cha HTML. Nikaenda kwenye makala zote zilizogoma tangu tuhamishwe. Tangazo la mkutano wa wavuvi lina ramani. Habari za mahafali zina video iliyopachikwa kwa njia hiyo hiyo. Ratiba ya pantoni, bei ya dagaa na majira ya maji hazina kitu hicho hata moja. Kwa hiyo haikuwa urefu. Ni kwamba makala ndefu ndizo tunazoziwekea ramani.

Sasa naomba unisaidie namna ya kuwaandikia hosti. Kila nikieleza wananiambia nifute kache.

---

fundi_seva

Umefanya kazi safi, dada. Mafundi wengi hawafiki hapo.

Usiwaandikie kwamba "tovuti haichapishi". Waandikie hivi, wataelewa mara moja: "Ombi la POST kwenda /wp-json/wp/v2/posts/ linarudishiwa 403 yenye HTML pale makala inapokuwa na iframe. Bila iframe linarudishiwa 200. Limetokea tarehe fulani, saa fulani na dakika fulani, kutoka anwani hii ya IP. Tafadhali angalieni kumbukumbu za ModSecurity, mnipe namba ya kanuni iliyozuia, na muiondoe kanuni hiyo moja kwa tovuti yetu, kwenye njia hiyo tu." Saa na IP ni muhimu sana, kwa sababu kumbukumbu hizo ni ndefu na hakuna atakayezisoma zote kwa ajili yako. IP yako, yaani anwani ya mtandao unaoutumia, utaipata kwa kutafuta "IP yangu" mtandaoni wakati huo huo unaojaribu.

Kama wanatumia kanuni za OWASP (shirika la usalama wa tovuti), namba itakayokuja huenda ikaanzia na 941, ndilo kundi la msimbo wa HTML na JavaScript unaopenyezwa kwenye kurasa. Kundi la 942 ni la hifadhidata, lile aliloliogopa mwalimu.

Jambo moja nakuomba kwa msisitizo. Ndani ya cPanel kuna sehemu ya ModSecurity yenye swichi ya kuzima kwa kila tovuti. Ukiizima, tatizo litaondoka papo hapo, na utashawishika kuiacha hivyo. Usiiache. Izime dakika chache kuthibitisha kama unataka, kisha uiwashe. Tovuti ndogo za jamii ndizo zinazovamiwa kila siku na roboti zinazotafuta programu-jalizi zilizopitwa na wakati, na kwa tovuti yenye waandishi wa kujitolea wenye manenosiri ya kila aina, mlinzi huyo ni mtu wa maana. Ondoa kanuni moja, mlinzi abaki kazini.

Na kihariri cha zamani kiondoe. Kilibadilisha njia ya kutuma, lakini maandishi yaliyokuwa ndani yalibaki yale yale, kwa hiyo mlinzi aliyasoma na kuyakataa vilevile.

Wakati unasubiri jibu lao, msiba ukitokea, weka kiungo cha kawaida cha ramani badala ya kuipachika. Msomaji akikigusa kwenye simu kinamfungulia programu ya ramani moja kwa moja, na anapata maelekezo ya njia.

---

mwl_wa_kompyuta

Nimefuatilia uzi huu. Naomba nijibu yale mawili madogo, kwa maana yamesahaulika.

Mama wa Mkwaja ana ngazi ya Mchangiaji. Ngazi hiyo huandika na kutuma kwa ukaguzi tu, haichapishi, na hairuhusiwi kupandisha picha. Mpandishe awe Mwandishi: atachapisha za kwake na kuweka picha, lakini hatagusa za wengine. Ngazi ya Mhariri ibaki kwako.

Kuhusu muda. Saa 12 asubuhi inatoka saa 3, tofauti ni saa tatu kamili. Hiyo ni dalili kwamba tovuti iko kwenye UTC, na sisi Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Nenda Mipangilio ya Jumla, kwenye eneo la saa chagua Dar es Salaam. Inawezekana nayo ilirudi mwanzo mlipohamishwa.

Hapo hapo waelekeze waandishi wako, kwa sababu kisanduku cha WordPress hakihesabu saa kama sisi. Mtu akitaka makala itoke saa 12 asubuhi lazima aandike 06:00. Akiandika 12:00, itatoka saa 6 mchana. Kwa tangazo la mazishi ya adhuhuri hilo ni jambo zito. Mimi kwa wanafunzi wangu nimebandika karatasi ukutani juu ya kompyuta yenye saa za Kiswahili upande mmoja na za kisanduku upande wa pili.

Ile ya kuchelewa hata zaidi ya saa 3 ina sababu nyingine. WordPress haina saa inayotembea yenyewe. Kazi zilizopangiwa muda hufanyika pale mtu anapotembelea tovuti. Alfajiri kama hakuna aliyeifungua, makala inakaa inasubiri mgeni wa kwanza. Na kama mna programu-jalizi ya kache, hata mgeni huyo anaweza kupewa ukurasa uliohifadhiwa bila kuiamsha WordPress.

Dawa yake: kwenye faili la wp-config.php, juu ya ule mstari unaosema usihariri zaidi, ongeza

define('DISABLE_WP_CRON', true);

kisha kwenye cPanel, sehemu ya Cron Jobs (kazi ambazo seva hujifanyia kwa saa zilizopangwa), weka amri hii ifanye kazi kila dakika 15:

wget -q -O /dev/null "https://anwani-ya-tovuti-yenu/wp-cron.php?doing_wp_cron"

Fanya yote mawili. Ukiweka ule mstari wa kwanza ukaacha amri ya cPanel, hakuna makala ya kupangiwa muda itakayotoka tena.

---

mhariri_pangani

Nawashukuru nyote kwa dhati.

Nimewaandikia hosti maneno ya fundi_seva kama yalivyo, nikaweka saa na IP. Safari hii hawakunitajia kache. Walijibu siku hiyo hiyo kwamba kanuni iliyozuia ni ya kundi la 941, wameiondoa kwa tovuti yetu kwenye njia ya wp-json tu. Nimejaribu tangazo la mkutano wa wavuvi pamoja na ramani yake, limepita, namba 200. ModSecurity imebaki imewashwa, nimehakikisha.

Lakini kwenye matangazo ya misiba tumekubaliana kuacha kupachika ramani moja kwa moja. Tutaweka kiungo, na chini yake maelekezo kwa maneno: ukishuka stendi upite njia gani, msikiti upi, mti upi. Wazee wengi wanaosomewa tangazo na wajukuu wao wanaelewa maelekezo hayo kuliko ramani, na kiungo hakili bando la mtu aliyeko kijijini.

Mama wa Mkwaja sasa ni Mwandishi. Ameshaweka habari ya kwanza na picha ya kisima kipya.

Saa nimerekebisha na cron nimeweka. Swali la mwisho, mwalimu: ratiba ya pantoni ikipangwa 06:00 na cron ni kila dakika 15, inaweza kutoka 06:14? Wavuvi wanaitazama kabla ya kuvuka.

---

mwl_wa_kompyuta

Cron ya kila dakika 15 hupiga 06:00, 06:15 na kuendelea, kwa hiyo ikikosa ile ya 06:00 kwa sekunde chache inasubiri mpaka 06:15. Ipangie 05:50 badala ya 06:00, itatoka cron ikipiga 06:00. Au weka kila dakika 5 kama hosti wanaruhusu, wengine huweka kikomo. Waulize kwanza.